Waliolala Ndani ya Mabua

Vijana wangu, ninyi mnaotoka chuoni na vyeti vyenu na simu za kumpiga mdudu picha na kumjua jina, mkimwona nondo mdogo, rangi ya majani makavu, ametua ukutani, msikimbilie kandambili. Mtazameni kwanza. Mimi nimekuwa bwana shamba zaidi ya miaka thelathini, Handeni na Korogwe, na nondo huyo ndiye shahidi wangu. Watu wanasema nilistaafu kwa heshima. Nilipewa blanketi na redio, nikapigiwa makofi ukumbini. Hakuna hata mmoja mle ndani aliyejua kwamba mahindi ya kwanza ya kijiji kizima yaliliwa kwa agizo langu, na kwamba lawama nilimtwika mama mmoja asiye na kosa hata chembe. Nimelinyamazia jambo hilo mpaka limeniozea tumboni. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha vya kutosha.

Lakini kwanza mumjue mdudu mwenyewe, maana ninyi wa siku hizi mnajua majina ya dawa kuliko mnavyomjua anayeuawa.

Aliyenifundisha ni Mzee Mbwana. Alikuwa msaidizi kwenye kituo kidogo cha majaribio ya mazao nje ya Korogwe, mtu mfupi, mkali, ananuka ugoro kutwa. Kabla ya Uhuru kazi yake ilikuwa kuosha chupa za mabwana watafiti. Uhuru ulipokuja mabwana wakaenda kwao na hadubini zao, Mzee Mbwana akabaki na chupa. Kumbe miaka yote ile, mikono ikiosha, macho yalikuwa yakisoma. Mimi nikafika pale na cheti kipya, soksi ndefu mpaka magotini, na kiburi cha Msambaa aliyesoma. Siku ya kwanza akanikabidhi chupa ya jamu iliyofungwa kitambaa mdomoni, ndani nondo sita.

"Nilelee hawa," akasema, akaenda zake likizo.

Nikawalea. Asubuhi nawakatia majani mabichi ya mahindi, jioni nawakatia mengine. Hawali. Nikawawekea maji ya sukari. Hawali. Nikawawekea, Mungu anisamehe, uji. Siku ya nne wakaanza kufa mmoja mmoja, na mzee aliporudi nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu ugonjwa usiojulikana. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

"Wewe umeuona wapi mdomo wa kula hapo? Huyu alishakula utotoni. Sasa amekuja kuoana, kutaga na kufa, basi. Bwana harusi unampa uji wa nini?"

Akatoa majani yangu makavu ndani ya chupa, akanionyesha mayai upande wa chini wa jani: bapa, yamelaliana kama vigae vya paa. Nilikuwa nimeyaona siku tatu nikidhani ni uchafu.

Sasa sikilizeni. Baada ya siku chache, wiki haifiki, mayai yale yanaanguliwa viwavi wadogo kama uzi uliokatika-katika. Hawaingii kwenye bua hapo hapo. Wanapanda mpaka kwenye moyo wa mhindi, pale majani machanga yanapotokea yakiwa bado yamejiviringisha, wanakaa humo wakitafuna. Jani likija kufunguka utaona vitobo vimejipanga mstari mmoja, kama kitambaa kilichopitishwa kwenye cherehani isiyo na uzi. Ukiona hivyo, kimbia. Hapo ndipo pa kumwahi. Ukichelewa siku kumi ameshatoboa na kuzama ndani ya bua, na akishazama, hata ummwagie dawa ya ghala zima unaosha bua tu. Humo anakula akishuka. Moyo wa mhindi unakauka. Ukiuvuta unachomoka bila ubishi, na chini unanuka uozo. Akishiba anachonga tundu ubavuni mwa bua, anaacha ngozi ya nje tu iwe pazia, kisha anageuka pupa, kitu cha kahawia chenye umbo la kokwa ya tende. Tundu lile si lake. Ni la nondo atakayetoka baadaye, maana nondo hana meno ya kutobolea. Mzee Mbwana alipofika hapo alikuwa akishusha sauti. Alikuwa akimheshimu yule mdudu kuliko alivyoniheshimu mimi, na alikuwa na haki.

Hayo ni ya mvua. Kiangazi ana mambo mengine. Mahindi yakikauka, kiwavi aliyekomaa hageuki pupa. Analala. Analala ndani ya bua kavu miezi mitano, sita, hali, hanywi, madoa yake yamefifia, amekuwa rangi ya maziwa. Mzee alipasua bua moja kwa kisu akaniwekea mmoja kiganjani. Nikasema huyu marehemu. Akamtonesha maji, na baada ya muda yule marehemu akajinyoosha. Ndivyo anavyofanya: mvua za kwanza zikilowesha bua, anaamka, anageuka pupa, na nondo anatoka kwa wakati uleule ambao wewe umeshapanda na mahindi yako yana majani manne. Hana kalenda, lakini hakosei.

Kwa hiyo dawa kubwa haiuzwi dukani. Dawa ni mabua. Uyachome, uyafukie, au uyaache ng'ombe wa Wamasai wapite wayatafune. Ukiyataka kwa kujengea au kwa uzio, uyalaze chini juani, yametandazwa, mwezi mzima, jua liwaoke humo humo ndani. Usiyasimamishe mabichi. Usiyalundike kivulini. Bua lililosimama kivulini ni kitanda cha funza, tena na shuka umemtandikia.

Hayo yote niliyajua kabla sijatimiza miaka ishirini na mitano. Mlikumbuke hilo, maana baadaye mtatafuta namna ya kunitetea.

Njia za kazi zilibadilika, tena si mara moja. Nilipoanza tulikuwa na dawa ya unga, DDT, ya kutia kwenye moyo wa mhindi kwa vidole vitatu kama unavyotia chumvi mchuzini. Tuliishika kwa mikono mitupu, tukajifuta kwenye suruali, tukala ugali. Kuna mzee mmoja wa Kwamsisi nilimpa pakiti yake, baada ya wiki nikamkuta shambani funza wanacheza ngoma. Nikamuuliza dawa umeitia wapi. Akavua kofia akainamisha kichwa. "Chawa wote wamekwisha, Bwana Shamba. Dawa yako ni kiboko." Nikacheka. Siku hizi sicheki tena. Mwenzangu tuliyekuwa tukigawa naye alikufa akikohoa, na mimi mikono inatetemeka mpaka kikombe cha chai nashika kwa yote miwili. Baadaye wakatuambia ile dawa tuiache, tuichukue nyingine. Baadaye nyingine nayo tuiache. Kila mara tulirudi kwa watu walewale kuwaambia kwamba tuliyowafundisha jana yalikuwa sumu. Na watu walewale wakatuandalia viti.

Sasa nije kwenye lile jambo.

Ilikuwa miaka ya Operesheni, watu walipohamishwa kutoka makwao wakakusanywa kwenye vijiji vya Ujamaa. Kijiji chenyewe kilikuwa upande wa Handeni, nilikokuwa nimehamishiwa, mahali palipokuwa pori tupu, na watu walikiita Kipya tu. Agizo lilikuwa kwamba kila kaya iwe imehamia na kuezeka kabla ya mvua. Lakini hapakuwa na fito karibu, nyasi zilikuwa zimeungua, na lori lilikuwa moja. Tukaitwa kikao. Ofisa aliyesimamia uhamisho, mtu wa suti ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni, akauliza kuta zitajengwa kwa kitu gani. Mimi, kijana, nikataka kuonekana.

"Mabua," nikasema. "Wametoka kuvuna. Mashamba yao ya zamani yamejaa mabua. Kila kaya ibebe yake."

Ofisa akapiga meza. "Mnaona? Huyu ndiye mtaalamu!" Akaniambia niliandike kama agizo nilitie sahihi, na nikaliandika kwa mwandiko wangu bora kabisa. Jua la mwezi mzima sikuliandika. Nililikumbuka, msidhani nilisahau. Niliona tu kwamba nikilitaja, mwezi mzima utapita, agizo litachelewa, na sifa nilizopewa dakika tano zilizopita zitayeyuka.

Mabua yakaanza kuingia, mengine bado mabichi, yanasimamishwa ukuta baada ya ukuta. Kaya moja tu haikuleta. Nikapanda baiskeli kwenda kuikemea.

Ndipo nilipomkuta Mama Sefu. Alikuwa mjane, mtu mzima wa umri wa mama yangu, mkulima ambaye Wazigua wenzake walimwendea kumwomba mbegu. Mbegu yake alikuwa akiitundika darini juu ya meko, mahindi mazima yaliyofungwa kwa maganda yake, moshi unayapiga mwaka mzima mpaka yanakuwa meusi. Nilimkuta shambani kwake kwa zamani ametandaza mabua chini kama mtu aliyeanika mpunga.

"Karibu, Bwana Shamba. Hujambo mwanangu?"

Sikumwamkia. Nawaambia ili mjue nilikuwa mtu wa namna gani. Sikumpa shikamoo kwa sababu mkononi nilikuwa na faili.

"Mama, wenzako wanaezeka. Wewe unaota jua na mabua?"

"Haya bado yana wenyewe ndani," akasema. Akachukua moja, akalipasua kwa ukucha wa dole gumba, akanionyesha yule mweupe amejikunja. "Bibi yangu alikuwa akiyalaza mpaka mwezi uandame na kuandama tena. Ukiyasimamisha hivi hivi, mvua ikija nyumba inakula shamba."

"Mvua itakukuta nje na wanao."

"Ikinikuta mimi nitalowa, mwanangu, nitakauka. Ikiyakuta haya yamesimama, tutalia wote."

Mnaelewa? Asiyejua kusoma alikuwa akinisomea somo la Mzee Mbwana neno kwa neno. Na mimi, badala ya kushuka kwenye baiskeli nikamwambia mama una haki, nikamwambia, "Hayo ni mambo ya kizamani." Kesho yake lori likaja, mabua yake yakapakiwa, na ukuta wake ukasimamishwa kama kuta za wengine. Alipanda lori juu ya mabua yake mwenyewe, na mahindi yake ya mbegu ameyapakata kama mtoto.

Shamba la kijiji lilikuwa nyuma tu ya nyumba, refu, jicho halifiki mwisho. Tulilima bega kwa bega, kwa kuimba, na sitaki mdhani ilikuwa huzuni tupu. Watu walikuwa na matumaini siku zile. Mbegu ilitoka wilayani. Mama Sefu alilima kwenye shamba la kijiji kama wote, na kando ya nyumba yake akapanda kipande kidogo kwa mbegu yake. Watu walikuwa wameacha maghala yao walikotoka, mengine yaliungua, mengine yaliibwa. Chakula cha mwaka mzima kilikuwa ni kile kilichokuwa kikichipua nyuma ya nyumba. Hapakuwa na kingine.

Mvua zikaja nzuri. Kuta zikalowa zikavimba. Mahindi yalikuwa na majani manne nilipopita asubuhi moja kukagua vyoo, nikaona kwenye ukuta wa nyumba ya kwanza nondo wametua. Ukuta wa pili, nondo. Kila bua lina tundu, na kwenye matundu yananing'inia maganda ya kahawia, matupu. Watoto walikuwa wakiyachomoa na kuyapanga chini wakicheza duka. Nikamshika nondo mmoja, akaacha unga kwenye vidole vyangu.

Vijana, hapo nilikuwa bado na muda. Ndicho kinachoniua. Nilikuwa na wiki mbili, au zaidi kidogo, kabla viwavi hawajazama. Ningepiga kengele ya shule, ningewaambia watu watoke wote, wazee kwa watoto, watie jivu na mchanga mkavu kwenye kila moyo wa mhindi, mkono kwa mkono, kama mabibi zao walivyofanya. Ningeomba dawa ya unga kwa simu ya posta ije na basi la kesho. Tusingeokoa yote, tungeokoa ya kula. Lakini ili niseme hivyo ilibidi nieleze nondo wametoka wapi. Nikajifuta vidole kwenye suruali, nikasema moyoni labda ni wachache, nikaenda kukagua vyoo.

Siku zikapita, majani yakafunguka na vitobo vyake vya cherehani. Halafu mioyo ikaanza kukauka, mstari kwa mstari, kuanzia upande wa nyumba kwenda mbele. Hata kipofu angejua wanakotoka. Dawa ililetwa wakati hakuna tena wa kuuawa isipokuwa majani. Wanawake walikuwa wakichomoa mioyo iliyokauka na kuinusa. Mwanaume mmoja, baba wa watoto saba, nilimkuta amekaa katikati ya mistari, ameushika mhindi uliovunjika kiunoni. Aliniuliza, "Bwana Shamba, sasa tutakula nini?" Nikamwambia serikali ipo.

Mkutano ukaitishwa. Ofisa wa kalamu tatu akasimama, uso umemvimba kwa hasira, na ndani ya jalada lake kulikuwa na lile agizo lenye sahihi yangu. Alijua, na mimi nilijua kwamba anajua. Akasema mdudu hawezi kutokea hivi hivi. Huu ni uhujumu, na mhujumu atapatikana leo.

Mama Sefu akanyoosha mkono. "Naomba kusema. Si mtu. Ni mabua. Yalisimamishwa mabichi."

Ofisa akanigeukia. "Mtaalamu. Ni kweli mdudu huyu ametoka kwenye mabua?"

Mke wangu alikuwa amejifungua kifungua mimba chetu, hajamaliza arobaini. Natafuta udhuru tu, msinijali. Watu zaidi ya mia tatu walikuwa wakinitazama, na kila mmoja wao angeniamini. Nikasimama.

"Si kweli," nikasema. "Mdudu huyu anakuja na mbegu isiyopimwa. Kila kaya hapa imepanda mbegu ya serikali. Ni mmoja tu aliyepanda ya kwake."

Hakuna funza wa bua anayekuja na mbegu. Hayupo. Na mbegu ile iliyokaa juu ya moshi mwaka mzima ilikuwa safi kuliko sahani ninayolia chakula. Nilijua. Mama Sefu akanitazama, si kwa chuki. Akasema neno moja.

"Kumbe?"

Nikadhani ananidhihaki.

Mahindi yake ya mbegu yakatolewa darini yakachomwa mbele ya ofisi ya kijiji, na mwenyekiti akaniomba mimi mtaalamu niwashe kiberiti. Nikawasha. Mbegu iliyotoka kwa bibi wa bibi yake ikanuka bisi. Watoto walikuja kuokota zilizopasuka, wakafukuzwa.

Mwaka ule watu walikula unga wa njano wa msaada, ule walioubatiza Yanga kwa rangi ya jezi za timu, na ulipochelewa walikula mizizi iliyochemshwa mara mbili kuondoa sumu. Wazee kadhaa tuliwazika. Sikuwahesabu, na msiniulize. Mama Sefu alikuwa akifika kisimani wenzake wanajitwisha ndoo nusu na kuondoka. Mwanawe walimwita Funza. Yule mama hakuna aliyempiga, Wazigua si watu wa hivyo. Walimwachia tu nafasi pande zote, mpaka siku moja akafunga virago na wanawe wakahamia kwa ndugu zake, mbali huko, karibu na Kwamsisi.

Mimi niliandika ripoti. Ofisa aliisifu. Nikahamishiwa Korogwe na cheo juu. Mzee Mbwana alikuwa bado pale kituoni, na kwa bahati mbaya nakala ilimpitia. Akanisubiri mlangoni.

"Tangu lini mdudu wa bua akaja na mbegu?"

Nikaanza kumweleza hali ilivyokuwa, shinikizo, wakubwa, mtoto mchanga. Akanyanyua mkono kunikatiza. Akarudi ndani akachukua brashi, akaanza kuosha chupa ambazo zilikuwa safi. Tulifanya kazi jengo moja miaka minne baada ya hapo, na hakunifundisha tena kitu.

Mtaniuliza kwa nini sikwenda kumtafuta yule mama. Nilisema nikipata likizo. Nikaipata. Nikasema barabara ikikauka. Ikakauka. Nikasema yule ofisa akihama, akahama, akifa, akafa. Katikati ya hayo nimefundisha mamia ya wakulima kulaza mabua juani, kwa sauti kubwa, mpaka wenzangu wakaniita Bwana Mabua. Nilifundisha Mombo, nilifundisha Magoma, nilifundisha mpaka kwenye kambi za mkonge ambako hawalimi hata mhindi mmoja. Upande wa Kwamsisi nilimtuma mwenzangu. Mkiona mtu mzima anashupalia somo moja namna hiyo, jueni linamtafuna.

Miaka ikapita, nikabakiza michache nistaafu. Siku moja niko sokoni Korogwe, karibu na stendi ya mabasi, nanunua kamba, nikasikia, "Bwana Shamba." Bibi kizee, mgongo umepinda, na binti yake mtu mzima amebeba mzigo. Nilimjua kabla sijageuka vizuri.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekutafuta sana. Kila anayekuja Korogwe namwagiza aniulizie."

Akamwambia binti asogee kando. Nikajua leo ndiyo leo. Wallahi nawaambia, nilifurahi. Nikasema moyoni, anitukane, anitemee mate hapa hapa mbele ya stendi nzima, nitasimama nipokee, na nikimaliza kupokea nitapiga kelele kwamba ni kweli. Nilikuwa tayari.

Akanishika mikono yote miwili.

"Nataka uniwie radhi," akasema. "Nimezeeka, sitaki kufa nalo. Mimi ndiye niliyeleta yule mdudu. Watu walilala njaa, wazee wakafa, kwa mbegu yangu. Na juu ya hayo nikasimama mkutanoni kukubishia wewe uliyesoma, mbele za watu. Sikuwa najua, mwanangu. Wallahi sikuwa najua, mpaka uliposema wewe."

Nikafungua mdomo.

"Lakini nimewakanya wanangu," akaendelea upesi, kama mtu anayetaka kuonyesha kwamba amejirekebisha. "Hakuna kutundika mbegu. Hakuna kulaza mabua. Nimewaambia hayo ndiyo mambo ya kizamani yaliyotuponza. Sasa wanasimamisha yale yale mabichi, kama ulivyotuagiza. Mahindi bado yanaliwa kila mwaka, sijui kwa nini. Labda Mungu hajanisamehe. Ndiyo maana nikasema nianze kwako."

Basi likapiga honi. Mtu mmoja akapita akaniita kwa cheo changu, akanisalimu kwa heshima, nikamwitikia. Kondakta alikuwa anamhimiza binti apande. Yule mama hakuniachia mikono. Alikuwa ananitazama usoni, anangoja, na sentensi yote ninayoijua ilikuwa hapa kooni, maneno manne matano tu, Mama, si wewe, ni mimi. Nimeyarudia chumbani kwangu miaka mingi, hayana ugumu wowote.

"Nimekusamehe, mama," nikamwambia.

Akanishukuru mpaka machozi yakamtoka, na mimi nikapokea.